HAKI YA KIUMBE ALIYEFUNGWA: KUMTUNZA MJUSI-CHUI NYUMBANI



Imekuwa ada tangu zamani katika majumba ya Waislamu watoto kupenda kufuga kiumbe kidogo: huyu ana njiwa, yule ana paka, na mwengine ana kobe wake uani. Wala ada hiyo si ya aibu. Imepokewa katika hadithi sahihi khabari ya mtoto Abu Umayr, nduguye Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea, na namna Mtume (s.a.w.) alivyokuwa akimtania kwa kumwuliza khabari za kindege hicho. Wanazuoni wametoa katika khabari hiyo ruhusa ya kumweka mnyama nyumbani, maadamu hadhulumiwi. Maana iko na khabari ya pili, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia ndani, chakula hakumpa, wala hakumfungulia akajitafutia mwenyewe.

Khabari mbili hizi hazipingani. Anayemfungia kiumbe amemkatia njia ya kujitafutia riziki, joto, kivuli na maji. Basi vyote hivyo vimekuwa deni shingoni mwa aliyefunga. Katika makala haya twapenda kulitazama deni hilo kwa mfano wa mnyama mmoja ambaye siku hizi huombwa sana na watoto wa jamaa zetu walioko Uingereza, Kanada na Marekani, ambako huuzwa madukani kwa wingi. Tumemchagua huyu kwa kuwa ni mpole, na kwa kuwa hana sauti ya kulalamika. Paka mwenye njaa hulia, na mbwa hubweka. Huyu akidhulumiwa hunyamaza, akakonda, akafa.

NI MNYAMA GANI?

Waingereza wamempa jina la chui kwa sababu ya madoa meusi yaliyotapakaa juu ya ngozi yake ya manjano, nasi tutamwita mjusi-chui. Wenye elimu ya wanyama humwita Eublepharis macularius, na aliyemwandika wa kwanza katika elimu hiyo ni Edward Blyth, mwaka 1854. Kwao ni Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi ya Bara Hindi, katika nchi kavu ya mawe na majani machache, yenye kiangazi kikali na majira ya baridi kali. Mchana hujificha chini ya mawe na ndani ya mashimo; magharibi ikiingia hutoka kuwinda wadudu.

Mkubwa wao hufika urefu wa sentimita 20 hadi 25, na uzito wake huwa baina ya gramu 50 na 80. Hana sumu yo yote, ingawa hata huko kwao wako watu wamwogopao kama wamwogopavyo nyoka. Hafanani sana na mjusi wa ukutani tuliyemzoea, kwani vidole vyake havishiki ukuta wala kioo, na macho yake yana kope, hufumba na kufumbua kama sisi. Jamaa yake mwenye kope kama hizo yuko hata katika nchi zetu, naye huishi ardhini katika sehemu kavu za Somalia, Ethiopia, Kenya na kaskazini ya Tanzania; lakini ni nadra kuonekana, kwani mchana hujizika ndani ya udongo.

Hapa bila shaka msomaji atauliza: je, huyu si katika wale tunaowaita mjusi kafiri, ambao hadithi zimepokewa juu ya kuuawa kwao? Suala hilo ni la fikihi, na jawabu lake hutafutwa kwa wanazuoni kabla ya kununua, si baada ya mtoto kwisha kumzoea. Maneno yetu yanamkhusu mnyama aliyekwisha ingia mikononi mwa watu na kufungiwa. Huyo ana njaa na kiu na maumivu, na aliyemfungia ataulizwa.

JOTO NDIYO RIZIKI YAKE YA KWANZA

Aghalabu ya watu hudhani kwamba mnyama akishapewa chakula amekwisha tunzwa. Kwa mjusi dhana hii ni ya hatari. Mwili wa binadamu hujipasha joto wenyewe. Mwili wa mjusi haujui kazi hiyo. Joto lake lote hulipata nje, kwa jua na kwa mawe yaliyopigwa na jua, na bila ya joto hilo hata chakula tumboni hakisagiki. Mtu aweza kumlisha vizuri kila siku, na mnyama akafa na chakula kikiozea tumboni, kwa sababu kasha lilikuwa baridi.

Basi kasha lake liwe na pande mbili. Upande mmoja uwe na mahali pa kuota joto, pawe na jiwe pana lenye joto la nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi. Upande wa pili uwe wa baridi kidogo, baina ya nyuzi 22 na 25. Hekima yake ni hii: hakuna binadamu awezaye kujua saa hii mjusi ahitaji joto kiasi gani, lakini mjusi mwenyewe ajua. Akisha kula hwenda upande wa joto, na akitosheka hurudi upande wa pili. Kasha lenye joto moja tu limemnyima khiari hiyo. Usiku joto likishuka hata kufika nyuzi 20 hapana dhara kwa mnyama mwenye afya, kwani hata kwao usiku hupoa.

Taa ya joto, au zulia la umeme liwekwalo chini ya kasha, lazima vifungwe kwenye kidhibiti-joto, yaani chombo kikatacho umeme joto likifika kipimo na kuurudisha likishuka. Chombo hiki si pambo. Pasipo nacho, zulia la umeme laweza kupanda joto hata likaunguza tumbo la mnyama, naye asiondoke, kwani tumbo lake halimwonyi upesi kama mkono wetu utuonyavyo. Kwa sababu hiyo hiyo yapasa kuyaepuka yale mawe bandia yenye umeme ndani yake. Mijusi wengi wameungua juu yake. Tena kipimo cha joto kiwekwe pale pale mnyama alalapo, si juu ya kioo. Na kasha lisiwekwe dirishani penye jua, maana kioo hukusanya joto, na mnyama aliyemo hana pa kukimbilia.

Joto lina kazi kubwa kwa mnyama huyu hata kabla hajazaliwa. Yai lake likikaa katika joto la nyuzi 26 aghalabu hutoka jike. Likikaa karibu na nyuzi 32 au 33 wengi hutoka madume. Na likipanda hata nyuzi 34 au 35 majike hurudi kuwa wengi. Subhanallah! Nyuzi chache tu huamua dume au jike. Je, mtu mwenye akili atalichukulia joto la kasha kuwa jambo la kubahatisha?

NYUMBA NA MAFICHO

Mjusi mmoja mkubwa hufaa apate kasha la urefu wa sentimita 90, upana wa 45 na kimo cha 45. Wako wauzao makasha ya nusu ya hayo, nayo hufaa mtoto wa mjusi tu kwa muda mchache. Ndani yake pawe na maficho matatu: moja upande wa joto, moja upande wa baridi, na la tatu lenye unyevu. Mwenye maficho upande mmoja tu hulazimika kuchagua baina ya usalama wake na joto lake, na kwa kuwa ni mnyama mwoga atachagua usalama na kuacha joto.

Ficho la unyevu ni kijisanduku chenye tundu, ndani yake makumbi ya nazi yaliyoloweshwa na kukamuliwa, au karatasi laini iliyolowa. Kazi yake twaieleza mbele. Kasha lenyewe liwe kavu, na hewa ipite.

Sakafu ya kasha imewapoteza wengi. Kwa kuwa mjusi huyu hutajwa kuwa wa jangwani, watu humtandikia mchanga mtupu, na madukani huuzwa hata mchanga wa rangi usemwao kwamba una faida kwa mifupa. Mjusi hurukia mdudu akameza mchanga pamoja naye; mchanga ukirundika hufunga matumbo, khasa kwa mtoto au kwa mnyama aliyekosa joto. Nchi yake ya asili si vilima vya mchanga, ni ardhi ngumu ya udongo na mawe. Vigae vya mawe vyafaa sana, kwani hupokea joto, husafishika upesi, na huzipunguza kucha zake. Kwa mnyama mdogo au mgonjwa, karatasi nyeupe hutosha, tena humwonyesha mwenyewe kinyesi kilivyo.

Ama mwangaza, awe na mchana wa saa 12 na usiku wa giza kamili. Zile taa za rangi nyekundu au buluu za usiku hazina haja. Wafugaji wengi wenye ujuzi siku hizi huweka pia taa dhaifu ya miale ya urujuanimno, ambayo ni sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana na jicho, nayo huusaidia mwili wa mjusi kutengeneza vitamini D3. Ijapokuwa ni mnyama wa usiku, huko kwao hutoa sehemu ya mwili wake jioni na alfajiri akaota.

Jambo la mwisho katika nyumba yake ni upweke. Sisi binadamu twauona upweke kuwa adhabu, tukadhani kumletea mwenzake ni kumfanyia ihsani. Madume mawili katika kasha moja hupigana hata kuuana. Dume na jike, jike hachoki kusumbuliwa. Na majike mawili, mwenye nguvu hulikamata jiwe la joto, na mnyonge hukonda taratibu. Rehema kwa mnyama huyu ni kumwacha peke yake.

CHAKULA CHAKE

Mjusi-chui hula wadudu wazima tu. Hali majani wala matunda, wala asipewe nyama ya chunguni. Hupewa nyenje, nzige, mende wa kufugwa na mabuu ya unga, na mdudu asizidi ukubwa wa nafasi iliyo baina ya macho yake mawili. Mtoto hulishwa kila siku; mkubwa hutosheka akilishwa kila baada ya siku mbili au tatu, tena jioni, wakati wake wa kuamka. Apewe anachokimaliza kwa muda mfupi. Nyenje waliobaki waondolewe, maana usiku humgeukia mnyama aliyelala wakamng'ata.

Mdudu mwenye njaa ni ganda tupu. Kwa hiyo wadudu nao hulishwa mboga na nafaka siku nzima kabla hawajatolewa, ili kilichomo tumboni mwao kimfikie mjusi. Kisha hunyunyiziwa unga wa kalsiamu, na kwa vipimo unga wenye vitamini D3. Hili watu huliona dogo, nalo ndilo lililovunja miili ya mijusi wengi. Wadudu wana upungufu wa kalsiamu. Mnyama akiikosa huitoa katika mifupa yake mwenyewe, mpaka taya linakuwa laini, miguu inapinda, na kutembea kwake kunakuwa kwa kutetemeka. Mifupa iliyokwisha pinda hainyoki tena.

Wadudu wa bustanini wasikamatwe akapewa, kwani huenda wamepitiwa na dawa. Na kimulimuli ni sumu kwake. Wengine katika jamii ya vimulimuli wameua mijusi wakubwa kuliko huyu kwa mdudu mmoja tu. Maji safi yawepo kila siku katika sahani ndogo isiyo na kina.

NGOZI, MKIA NA DALILI ZA MARADHI

Kila baada ya majuma kadha mjusi huvua ngozi. Kwanza rangi yake hufifia ikawa kama ya majivu, kisha huivua na kuila mwenyewe. Hapa ndipo lifaapo lile ficho la unyevu, kwa kuwa hulainisha ngozi ya zamani. Pasipo unyevu, vipande vyake hubaki vidoleni vikakauka, vikabana kama uzi, damu isipite, na kidole kikafa na kukatika. Ukimwona mjusi amekosa vidole, mara nyingi ujue kwamba alikosa kikombe cha maji tu. Ngozi ikibaki, mnyama awekwe katika kijisanduku chenye karatasi iliyolowa maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, kisha isuguliwe polepole kwa pamba. Isivutwe kwa nguvu.

Mkia wake ndio ghala. Humo huweka mafuta ya siku za dhiki, na mkia mnene ni dalili ya afya. Akishikwa nao au akiogopeshwa huuachia ukakatika. Mwengine humea, lakini mfupi na butu, na akiba yote ya mwanzo imekwenda. Kwa hiyo watoto wafunzwe kumwinua kwa kiganja kutoka chini, si kumnyakua kwa juu kama afanyavyo kipanga.

Twawausia wenye kumfuga wawe na mizani ndogo ya gramu, wampime kila juma na kuandika katika daftari. Mkia ukikonda hata kuwa kama kijiti, ilhali anakula. Au akaacha kula huku uzito ukishuka. Au kinyesi kikawa maji. Au mdomo na macho yakavimba, asingojewe. Maradhi ya kijidudu kiitwacho kriptosporidio hukondesha mkia namna hiyo, nayo huambukiza mijusi wengine. Daktari wa wanyama ajuaye viumbe wa namna hii atafutwe kabla ya kununua mnyama, kwa kuwa si kila daktari amtibuye paka aweza kumtibu mjusi.

USAFI WA WATU WA NYUMBA

Mijusi, kobe na nyoka, hata walio wazima, huchukua matumboni mwao vijidudu vya salmonela, ambavyo kwa binadamu huleta homa na kuharisha kukali. Marekani mwaka 1975 ilipiga marufuku kuuza kobe wadogo wa chini ya inchi 4, kwa kuwa watoto walikuwa wakiwatia midomoni na kuugua. Basi kila amshikaye mjusi anawe kwa sabuni na maji yanayopita. Vyombo vyake visioshwe katika beseni la jikoni. Watoto walio chini ya miaka mitano, wenye mimba, wazee na wagonjwa wasimshike. Na kwa kuwa kinyesi chake ni najisi kwa madhehebu ya Shafii, asiachiwe kutembea juu ya misala na mikeka ya kusalia.

RANGI ZA FAKHARI

Wauzaji wamezalisha mijusi-chui wa rangi ambazo hazijapata kuonekana porini: weupe, wa machungwa, wasio na madoa, na bei hupanda kwa kadiri ya ugeni wa rangi. Katika hizo ziko rangi zenye msiba ndani yake. Mijusi waitwao Enigma wengi wao wana maradhi ya mishipa ya fahamu. Huinamisha kichwa upande, huzunguka pale pale, na humkosa mdudu aliye mbele yao. Na wale waitwao Lemon Frost, waliosifiwa kwa manjano yao yenye kung'aa, walionekana kushikwa na uvimbe wa saratani ngozini. Mwaka 2021 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitangaza kwamba urithi uletao rangi ile umefungamana na uvimbe huo. Uzuri na maradhi vimetoka mlango mmoja.

Mzazi anayenunua rangi hiyo kwa kuwa mtoto ameipenda amelipia maumivu ya mnyama huyo na ya watakaozalishwa baada yake. Mwenye kununua achague mnyama aliyezalishwa nyumbani, si aliyetekwa porini. Mwenye macho maangavu, mkia mnene na vidole kamili. Naye aombe aonyeshwe akila.

AHADI YA MIAKA ISHIRINI

Tumeliacha mwisho jambo lililo zito kuliko yote. Mjusi huyu akitunzwa vyema huishi miaka 15 hata 20. Mtoto wa miaka 10 aombaye leo atakuwa na miaka 30 mnyama wake akingali hai. Baina ya hapo atakuwa amemaliza shule, amekwenda chuoni, huenda ameoa au ameolewa. Nani atakayemnyunyizia wadudu unga wa kalsiamu miaka hiyo yote? Na jamaa wakisafiri kwenda umra, au kuwazuru wazee Unguja na Mombasa mwezi mzima, ni jirani gani atakayeshika ufunguo?

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006, itumikayo England na Wales, imelikata neno hili wazi. Mnyama haruhusiwi kuuzwa kwa aliye chini ya miaka 16, na mnyama wa mtoto wa umri huo huhesabiwa kuwa ni dhima ya mzazi wake. Imemlazimisha mwenye dhima ampatie makao yanayomfaa, chakula kimfaacho, nafasi ya kuishi kwa tabia yake, kuwekwa na wenzake au kutengwa nao kama ahitajivyo, na kukingwa na maumivu na maradhi. Muislamu akisoma hayo hayatakuwa mageni kwake. Ameyajua katika khabari ya yule mwanamke na paka.

Basi wazazi, mtoto akiomba mjusi-chui, msimjibu upesi kwa ndiyo wala kwa siyo. Mwambieni alitengeneze kasha kwanza, tupu, na kwa mwezi mmoja aandike kila asubuhi na kila jioni joto la pande zote mbili. Akilisahau kasha tupu juma la pili, mmejua jambo kabla mnyama hajalilipia kwa roho yake. Akidumu mwezi mzima bila ya kukumbushwa, huyo ameanza kufahamu maana ya amana. Nanyi mnunueni mnyama kwa jina lenu, mkijua kwamba siku atakayochoka yeye, zamu ni yenu.

Nanyi vijana ambao tayari mna mjusi nyumbani, leo jioni atakapoamka tieni mkono kasheni mpime pande zote mbili, mwangalie maji, mhesabu vidole vyake. Hatawashukuru, kwani hana ulimi wa kushukuru. Aliyemuumba anawaona.